Mwaka Ziwa la Kamilonge Lilipojazwa Udongo

Tulimzika Yaya Kapinga, niliyemwita hivyo kama dada mkubwa, mwezi uliopita, katikati ya masika, na matanga yake tuliyakaa huku miguu yetu iko ndani ya maji. Sisemi kwa mafumbo. Maji yalikuwa yametoka chini ya sakafu ya nyumba yake, yakajaa sebuleni, yakaingia hadi chumba alichofia, na wajukuu wake walipanga matofali wakalaza mbao juu yake ili sisi wazee tupate pa kukaa na kulia. Kila mgeni aliyeingia alivua viatu mlangoni akavishika mkononi. Mjukuu wake mmoja, kijana aliyesoma hadi chuo cha Kasapa, aliona ninavyoyatazama yale maji, akaona haya kwa niaba ya nyumba yao. Akainama sikioni mwangu, akaniita Nkambo kama vijana wa huku wanavyowaita wazee. "Nkambo, utusamehe. Ni mvua tu. Kama mairie banachimba caniveau bizuri, hii mayi itaenda." Alimaanisha mitaro ya manispaa. Nikamwambia, "Hii hapana mayi ya mvua, mwanangu. Hii njo Kamilonge." Akanitazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kupotea. "Kamilonge njo nani, Nkambo?" Alidhani nimetaja jina la mtu. Niligeuka nitafute mwenzangu wa kunisaidia kumjibu, nikapitisha macho uso kwa uso kwenye zile mbao zote, nikakuta hakuna. Mume wangu Serafini alikwisha kutangulia, mume wa Kapinga naye vilevile, na yule ambaye angecheka na kusema "mwambie, Fina, mwambie" ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia. Kwa hiyo naandika. Kiswahili changu ni kile masista walichonifundisha shuleni, lakini maneno ya watu nitayaacha kama yalivyotoka vinywani mwao.

Nilifika Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa enzi za Wabelgiji, nikiwa bibi harusi, mvua zikiwa zimekwisha kuchanganya, na chumba nilichopewa kilikuwa cha mwisho katika safu ya mwisho ya nyumba za kampuni. Kampuni hiyo ilijenga barabara na majumba, na Serafini alikuwa boyi-shofa wao, yaani msaidizi wa dereva, yule anayepanda nyuma ya mizigo na kushuka kuweka jiwe chini ya gurudumu. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku langu la arusi, meza moja, na chokaa ukutani iliyokupaka bega jeupe kila ulipogeuka. Kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, la ubao, na nilipolisukuma asubuhi ya kwanza nilidhani kuna mtu amenichezea. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mji huu ni moshi wa shaba na vumbi jekundu. Mbele yangu kulikuwa na maji. Yalianza chini ya mteremko nyuma ya jiko letu, yakaenda mbali kuliko sauti inavyofika, na mayungiyungi yalikuwa yamefunguka juu yake, na ndege weupe wenye miguu mirefu walisimama humo mmojammoja, kila mmoja na shughuli zake. Jioni vyura walipiga kelele hadi ilibidi mimi na mume wangu tupandishe sauti ili tusikilizane, nasi tulikuwa bado tunaoneana haya, kwa hiyo vyura walitusaidia sana.

Watu waliliita Kamilonge kwa sababu ya milonge, wale samaki wa masharubu wasio na magamba, wanaoishi kwenye matope. Wakati wa masika lilikuwa ziwa kamili. Kiangazi lilijikunja likawa bwawa katikati, na ukingo wote lililouacha ukawa dembo, udongo mweusi ulioloa, na humo ndimo wanawake walimolima. Yaya Kapinga ndiye aliyenipeleka. Alitokea mlangoni kwangu bila kubisha hodi, mwanamke mrefu wa Kasai aliyenizidi miaka kadhaa, ana mulonge mkononi amefungwa kwa jani. "Weye njo bibi ya Serafini? Miye Kapinga, bibi ya karani. Kama unakaa mu chumba peke yako utapata wazimu. Kuya, nikuonyeshe mayi." Maji yalipoanza kurudi nyuma alinikatia kipande cha bustani yake mwenyewe, tuta la pembeni karibu na matete, akaniambia nipande kwanza mboga za lengalenga na ngai-ngai kwa maana haziudhi mtu, kisha kabichi. Nilikuwa sijawahi kuona mboga zikiota kiangazi bila kumwagiliwa. Ulichimba kwa kidole tu, na maji yalikuwa pale pale yanakungojea.

Nikikumbuka mwaka ule naukumbuka zaidi kwa harufu ya jiko la Kapinga kuliko kitu kingine. Lilikuwa kibanda cha malata, yaani mabati, nyuma ya nyumba yake, safu ya pili kutoka kwetu, kwenye nyumba za serikali, na siku nyingi tulipika pamoja kwa kuwa kuni zilikuwa shida. Yeye alisonga unga wa mahindi na muhogo akauita nshima, mimi nilisema ni bukari, na tulibishana jina huku tunakula sahani moja. Alikuwa na watoto watatu. Mwingine, wa kwanza kuzaliwa, alikuwa amekufa kwa homa kabla sijafika, na jina lake lilitajwa kila siku, bila machozi, kama la mtu aliyetumwa dukani. Mume wake Tshibangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali ya mji. Alivaa soksi ndefu nyeupe, alisoma gazeti kwa sauti, na jioni aliketi barazani na Serafini wakinywa chai ya maziwa ya kopo, ingawa mmoja alikuwa mtu wa kalamu na mwingine mtu wa grisi. Sisi tulikuwa jikoni na ukuta wa malata hauzuii neno. Ndivyo tulivyosikia.

"Banasema ku biro, ile dembo lazima ijazwe," Tshibangu alisema jioni moja, baada ya Pasaka. "Ju ya mbu. Kisha bataweka nyumba. Cité inapanuka, Serafini. Bantu banaingia kila siku na treni."

"Bajaze na nini? Ile iko mingi."

"Udongo haikosekane."

Kapinga aliacha kusonga. Mwiko ulisimama peke yake kwenye sufuria. Kisha akaendelea, na alipotoka kuwapelekea wanaume chakula aliwauliza kama watapenda pilipili. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini hakupiga kelele saa ile ile. Nadhani hakuamini. Mtu anaweza kuamini kwamba mti utakatwa au nyumba itavunjwa, lakini ziwa? Mimi sikuamini hata kidogo. Nilienda kulala nikifikiria kabichi zangu.

Katika majuma hayo hayo Serafini alipata udereva. Ninaomba msomaji anielewe: ilikuwa ni furaha. Alikuwa ameng'ang'ania nyuma ya mizigo ya watu kwa miaka, kwenye baridi ya mwezi wa sita na vumbi la mwezi wa tisa, na sasa alikuwa na kofia, na kiti, na kamyo, lori la mizigo. Siku ya kwanza aliileta hadi nyuma ya nyumba yetu, akapiga honi, na safu nzima ikatoka. Akanifungulia mlango. Nilipanda nikakaa juu kuliko nilivyowahi kukaa, kiti kinanuka petroli na ngozi, na akanizungusha hadi barabara ya kwenda Luano na kunirudisha, akiendesha polepole mno kana kwamba nimebeba mayai mapajani. "Unasikia motere?" aliniuliza. "Inaimba." Usoni alikuwa na kitu ambacho sikukiona tena. Tulinunua makayabu, samaki wa chumvi, na mkate wa Wazungu tukala kama watu wa Krismasi. Nilimuuliza, kwa kutaka tu kuzungumza, "Batakutuma wapi na kamyo?" Akatafuna kwa muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji. "Kuchukua udongo kule banachimba barabara." Nikamuuliza, "Na kuumwaga wapi?" Akatazama dirisha la ubao, lililokuwa limefungwa.

Walianza mvua zilipokatika kabisa. Kamyo zilikuja moja nyuma ya nyingine, zikarudi nyumanyuma hadi ukingoni, zikainua migongo, na udongo mwekundu ukateremka pamoja na mawe na matofali ya nyumba zilizobomolewa. Mwanzoni maji yaliumeza tu. Tulicheka, kweli tulicheka, Kapinga na mimi, tukasema Kamilonge ana njaa, acha ale. Lakini kila asubuhi nchi ilikuwa imesonga mbele kidogo, na siku moja nikakuta tuta langu la lengalenga halipo, na mwanamke jirani amesimama mahali pale na jembe lake begani, hajui aende wapi. Jioni Serafini aliporudi vumbi jekundu lilikuwa kwenye kope zake. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamwekea chakula, nikamwambia, "Leo mulifunika bustani yangu." Akasema, "Najua. Niliona." Nikamwambia aombe njia nyingine, mizigo mingine. Akaweka tonge chini. "Fina, kama hapana miye, itakuwa mwengine. Kamyo haiko na bwana mumoja. Hii nyumba unalalamo ni ya nani? Hii makayabu unakula?" Nilijibu kwamba makayabu sitakula tena, na sikula, nikalala na njaa kando yake. Naye vilevile aliiacha sahani yake, na asubuhi paka wa jirani alikuwa ameimaliza.

Kapinga alikuwa na matumaini kwa mumewe, kwa kuwa mumewe alikuwa na soksi na Kifaransa. Alimsihi majuma mawili. Mwishowe Tshibangu alivaa koti lake la Jumapili siku ya kazi, akaingia kwa mkubwa wake, akaeleza kwamba wanawake wa safu zile wanalisha watoto kutoka dembo ile, kwamba maji ya masika hukusanyika pale na yasipopata mahali yatatafuta nyumba za watu, na kwamba labda wangeacha nusu. Tulimngojea jikoni. Aliporudi hakuketi barazani, alikuja kwetu palipo moshi, akasimama akiwa amevaa koti lake. Kwa mshangao wangu alikuwa ameshika kofia kifuani kama mtu aliye kanisani. "Alinisikiliza," alisema. "Kisha aliniuliza: Tshibangu, si ulizika mutoto wa malaria? Na leo unakuja kutetea mbu?" Kapinga aliangalia moto. "Ukajibu nini?" Tshibangu akasema, "Ningejibu nini, mama wa batoto bangu?" Kisha Kapinga akasema, taratibu, akichomoa kuni moja, "Pengine ilikuwa mbu ya kule. Pengine hapana. Miye sijue, na ye hajue. Lakini hawa batatu beko bazima ju ya ile mayi. Ungejibu vile." Mumewe alikunja koti lake, akaingia ndani. Hakwenda tena kwa mkubwa yule, na mkubwa yule hakumsahau.

Basi likabaki letu. Hatukufanya mkutano. Kapinga alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Kesho asubuhi kamyo zisipate njia," na wengine walisema wataumwa kesho, na wengine walikuja. Tulikuwa kundi dogo la wanawake wenye mabega yaliyofunikwa kwa sababu ya baridi, ukungu umeshuka juu ya kile kilichobaki cha maji hata ndege hawakuonekana. Tulisimama mahali ambapo kamyo hugeuka. Ya kwanza ilitokea, taa zikiwaka katika ukungu, nami niliijua kabla sijaona namba wala kofia. Niliijua kwa mlio wa motere. Kapinga naye alijua. Alinishika kiwiko. "Fina, rudi nyuma kama unataka. Hakuna mwenye atakusema." Sikurudi. Si kwa ushujaa. Nilikuwa na hasira ya majuma mengi na nilitaka anione.

Aliniona. Kamyo ilisimama karibu hivi kwamba joto la injini lilinifika usoni. Nilingoja apige honi, au ashuke anivute mkono mbele ya watu, na nilikuwa nimekwisha kuandaa matusi. Alizima motere. Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaanza kujisafisha kucha kwa kijiti. Kamyo za nyuma zikaanza kulia. Msimamizi wa Kizungu alikuja akikimbia na viatu vyake vya mpira, mtu mwekundu wa shingo ambaye siku nyingine aliwagawia madereva sigara, akauliza kwa Kiswahili chao kile cha amri, "Kazi nasimama sababu gani?" Serafini akainuka, akavua kofia. "Patron, ule njo bibi yangu." Msimamizi alicheka kwanza. Aliangalia nyuma kutafuta wa kucheka naye. Alipoona Serafini harudi kitini, alinyoosha mkono, naye Serafini akampa ufunguo, na kofia juu yake, bila kuombwa kofia. Yule msaidizi aliyekuwa nyuma ya mizigo, kijana wa Kongolo tuliyemlisha mara nyingi kwetu, aliitwa, akapanda kitini. Hakututazama. Polisi walifika jua likiwa halijapanda. Sisi wengi tulisukumwa tu hadi ukingoni, lakini Kapinga aliketi chini, ikabidi abebwe na watu, kanga imemfunguka, huku akiwaambia kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, maneno ambayo polisi mmoja, mtu wa kwao, alinywea kuyasikia. Alilala ndani siku kadhaa. Kamyo zilianza kupita kabla hata hajafikishwa barabarani.

Usiku wa siku ile sitausimulia. Nitasema tu kwamba sikumshukuru mume wangu. Nilikuwa nimetaka ashindwe kunikanyaga. Sikuwa nimetaka apoteze kazi, nyumba na ile kofia, na kwa kitu ambacho hakikuzuia hata mzigo mmoja. Watu wanapenda kuniambia, nikiwasimulia, kwamba alifanya jambo kubwa la mapenzi. Labda. Lakini mapenzi yale yalitutoa chumbani kwetu kabla ya mwezi kwisha, tukabeba kitanda cha chuma vichwani hadi jiko la Kapinga, tukalala humo kati ya masufuria. Kapinga alikuwa ametoka kifungoni akiwa na kikohozi. Tshibangu alikuwa ameshushwa kazi, akawekwa kwenye ghala la vifaa ambako hakuna aliyehitaji soksi nyeupe. Hakuna kati yetu sisi wanne aliyemlaumu mwenzake kwa mdomo. Tulikula pamoja, na tulikuwa wengi kwa sufuria moja.

Mwishoni mwa kiangazi, joto likiwa limeanza, Kamilonge alikuwa amebaki dimbwi moja. Samaki wote wa ziwa zima walikuwa wamesukumwa humo. Maji yalichemka bila moto. Milonge walipandiana migongo, wakafungua midomo juu hewani, na wengine walianza kutambaa kwa mapezi juu ya udongo mkavu, kuelekea mahali ambapo masika yaliyopita palikuwa na maji. Cité yote, yaani mitaa yote ya Waafrika, ilikuja. Walikuja na vikapu, na beseni, na mashuka. Wanawake waliosimama nasi kwenye ukungu walikuja, na wale walioumwa siku ile walikuja vilevile, na yule kijana wa Kongolo alisimamisha kamyo akashuka na ndoo. Nilimwangalia Kapinga. Nilifikiri atalia, au atawafukuza. Alijifunga kanga vizuri, akaniambia, "Chukua kikapu, Fina. Tusipochukua, udongo utabachukua," akaingia matopeni hadi magotini. Tulikausha samaki juu ya malata, tukawakaanga, tukawapika kwa nyanya, tukala hadi watoto wakaumwa tumbo, na harufu ile ilikaa katika nguo zetu hata mvua zilipoanza. Sijala mulonge tangu hapo. Kapinga alikula maisha yake yote, wa sokoni, wa kutoka mto Kafubu, na kila mara alisema, "Hapana kama wetu."

Nyumba zilijengwa upesi. Familia zenye watoto zilipewa kwanza, hata za watu walioshushwa kazi, na Tshibangu akapata moja, karibu na katikati. Kapinga alikataa kuhamia kwa siku chache, kisha kikohozi chake kikarudi na jiko lilikuwa linavuja, akahamia. Masika ya pili sakafu ilianza kutoa jasho. Nimeishi kuona serikali kadhaa zikipita juu ya nyumba ile, na kila moja ilituma mtu wa kupima mfereji. Upande wa Annexe nimeona dembo nyingine zikienda hivyo hivyo, safari hii si Wazungu, ni sisi wenyewe, watu wenye njaa ya kiwanja, wakimwaga takataka na mchanga nyuma ya uzio na kupaita parcelle, kiwanja chao. Nilijaribu kusema na mmoja. Aliniuliza kama nina mahali pengine pa kuwapa watoto wake. Sikuwa napo.

Lakini nilitaka kusimulia mwaka mmoja tu. Serafini alitafuta udereva kila mahali, na kila mahali walikuwa wamekwisha kusikia. Alikuwa na mikono mizuri na hakuna aliyemtaka. Mwishowe kampuni ile ile ilichukua vibarua wa koleo kusawazisha udongo kabla ya misingi, na kwenye mstari wa koleo hakuna anayeulizwa jina. Akaenda. Siku ya kwanza nilimpelekea bukari na matembele saa ya mchana. Nilimkuta peke yake, ameketi juu ya rundo la mawe mahali ambapo kina kilikuwa kirefu zaidi, fulana imemgandia mgongoni. Alishangaa kuniona mapema vile, chakula kikiwa bado na moshi. "Umepita wapi?" aliniuliza. Nikamwonyesha nyuma yangu, ile nchi nyekundu iliyonyooka hadi jikoni kwa Kapinga, na alama za miguu yangu juu yake. Zamani kufika ng'ambo tu ungezunguka ukingo wote, asubuhi nzima. Serafini aliitazama ile njia. "Aa," akasema, "sasa iko karibu."

Sote wawili tulisikia alichosema. Alishusha macho, akanawa, akaanza kula haraka, kwa maana kengele ilikuwa karibu kulia. Nilingoja sahani.